Binti kapata ujauzito akiwa bado shuleni: mpango wa pesa na maamuzi ya familia (uzi maalumu)

Mizani (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni kwa wazazi, walezi na mabinti wenyewe. Maswali ya aina hii huja usiku, mtu akiwa amechanganyikiwa, na majibu anayopata huwa ni lawama au dua tu. Hapa tuweke kazi yenyewe: nini kifanyike kwanza, pesa ziende wapi, nani asaini nini. Wenye ujuzi wa afya, sheria na shule karibuni.

Naanza na wiki mbili za mwanzo, maana ndizo familia nyingi huziharibu. Katika siku hizo usiamue ndoa, usiamue kumtoa shule, usiamue mtoto atalelewa na nani. Mambo hayo yana muda. Yasiyo na muda ni haya: kuthibitisha ujauzito kwa kipimo cha kituo cha afya, kujua una wiki ngapi, na kuhakikisha binti yuko salama pale anapolala.

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ongeza siku 280, yaani wiki 40, upate tarehe ya matarajio. Njia ya haraka: kutoka siku hiyo ya hedhi rudi nyuma miezi 3, ongeza siku 7, kisha ongeza mwaka mmoja. Shida ni kwamba hedhi ya msichana mdogo mara nyingi haina mpangilio, na wengine hawakumbuki tarehe kabisa. Ndiyo maana kipimo cha ultrasound kifanyike mapema, kabla ya wiki 24. Kikichelewa, makadirio yanaweza kupishana kwa wiki kadhaa, na hesabu zako zote za pesa zinapishana nayo.

La pili ni mazungumzo. Mtu mmoja anayeaminiwa na binti, shangazi au mama mkubwa kwa mfano, akae naye peke yao. Aulize: aliyempa mimba ni nani, ana umri gani, kulikuwa na nguvu, vitisho au ahadi, na yeye binti anataka nini. Swali hili la mwisho husahaulika kila mara. Kikao cha ukoo mzima kisitangulie mazungumzo haya, kwa sababu mbele ya watu kumi binti atasema kile kinachowatuliza wazee, na ukweli utakuja baadaye, ahadi zikiwa zimeshatolewa.

---

Mkunga wa Zamu

Asante kwa kuanzisha, Mizani. Naongeza upande wa kliniki, kwa sababu hapa ndipo gharama kubwa huzuiwa au hutengenezwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8: mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kuisha, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mabinti huficha tumbo na kufika wiki ya 24 au zaidi. Akichelewa hivyo, asifukuzwe wala kukaripiwa. Aanze siku hiyohiyo.

Vipimo vya awali ni wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, mkojo na presha. Damu ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita huo ni upungufu. Kila siku ameze madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na asidi ya foliki miligramu 0.4. Vidonge hivi visimezwe na chai au kahawa, vinazuia chuma kufyonzwa. Wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu au choo kigumu: ameze usiku baada ya kula, anywe maji ya kutosha, asiache.

Kwa nini nasisitiza? Mama wa miaka 10 hadi 19 ana hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wa miaka 20 hadi 24, na mtoto wake ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa kabla ya wiki 37 au na uzito chini ya kilo 2.5. Mwili wake wenyewe bado unakua, na kwa wadogo sana nyonga huenda haijapanuka vya kutosha, uchungu ukakwama. Huyu asijifungulie nyumbani. Achaguliwe hospitali yenye uwezo wa upasuaji na damu, au iliyo karibu na yenye uwezo huo.

Dalili za kukimbia naye bila kusubiri asubuhi: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, degedege, damu kutoka, chupa kupasuka, homa, mtoto kupunguza kucheza. Presha ya 140/90 na kuendelea si ya kusubiri kliniki ijayo.

---

Daftari la Mapato

Twende kwenye hesabu sasa. Tengenezeni mafungu matatu na msiyachanganye.

Fungu la kwanza ni la ujauzito na kujifungua: usafiri wa kliniki, vipimo, dawa, vifaa vya kujifungulia na gharama za hospitali. La pili ni la dharura: gari la usiku, upasuaji, siku za ziada wodini, mtoto njiti. La tatu ni la kila mwezi baada ya mtoto kuzaliwa.

Fungu la pili ndilo linaloachwa, na ndilo linalofanya watu wauze mali kwa bei ya hasara usiku wa manane. Lipigiwe hesabu hivi: nenda hospitali mliyochagua, uliza gharama ya kujifungua kwa kawaida na ya upasuaji, na kama kuna bima au msamaha kwa mjamzito wa umri huo. Akiba yenu ilenge bei ya upasuaji, si ya kawaida. Na iwe tayari wiki ya 34, si ya 40, kwa sababu aliyoieleza Mkunga. Mimba ikigundulika wiki ya 16, una wiki 18 za kuweka akiba. Gawa jumla kwa 18 ujue kiasi cha kila wiki. Ikigundulika wiki ya 28 zimebaki 6 tu, na hapo ni lazima familia zote mbili zichange kwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Fungu la tatu lina kitu kimoja kinacholibadilisha lote: maziwa. Akinyonyesha, gharama ni chakula cha mama, takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku. Akitumia ya kopo, piga hesabu: mtoto anahitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 4 atakunywa mililita 600, ambazo ni gramu 78 hivi za unga. Kopo la gramu 400 litaisha kwa siku 5, yaani makopo 6 kwa mwezi. Akifika kilo 6 yanakaribia 9. Pesa ikikata watu huzidisha maji kwenye unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi, mtoto anadhoofika polepole hadi siku anapolazwa. Kama hamna uhakika wa makopo 9, msianze.

Nepi: mchanga hutumia 8 hadi 12 kwa siku. Za vitambaa 24 zinatosha kama kuna mtu wa kufua kila siku. Na andikeni jina la mtu huyo, "tutafua" si mpango.

---

Swali Moja

Wakuu shukrani. Kijana naye akiwa mwanafunzi, hana kipato hata kidogo, anachangiaje? Na wazazi wake wanalazimika?

---

Daftari la Mapato

Kisheria, wazazi wa kijana kulazimika au kutolazimika kunategemea nchi. Kwa makubaliano ya hiari, njia inayodumu ni kugawa kwa uwiano wa kipato. Tuseme upande wa binti unaingiza sehemu 6 na upande wa kijana 4: matumizi ya mtoto yakiwa 100 kwa mwezi, wa kwanza wanatoa 60 na wa pili 40. Nusu kwa nusu inaonekana ya haki, lakini upande dhaifu hushindwa mwezi wa tatu, aibu inawafanya wakwepe simu, na mtoto anapoteza pesa na ndugu kwa pamoja.

Kijana mwenyewe achangie muda. Jumamosi nzima ya kulea, jioni mbili za kufua, kumpeleka mtoto kwenye chanjo. Saa hizo ziandikwe kwenye makubaliano kama pesa zinavyoandikwa, kwa sababu zinampa binti nafasi ya kusoma. Akianza kupata kipato, sehemu ya pesa inapanda.

---

Bibi Harusi Hapana

Hapo kwenye pesa nina tofauti kidogo. Wengi wanashauri baba alete vitu, siyo taslimu, eti binti atatumia vibaya. Kwa nilivyoona kesi hizi zikiendeshwa, vitu vinaleta ugomvi mwingi kuliko pesa. Analeta nguo za miezi 12 mtoto ana miezi 3, analeta mafuta manne na hakuna sabuni, kisha anasema ametoa. Na kila analoleta halina thamani iliyoandikwa, kwa hiyo siku ya kufika mbele ya mamlaka hakuna kumbukumbu.

---

Daftari la Mapato

Nakubali kwa sehemu kubwa. Taslimu kwa njia inayoacha ushahidi: benki au simu, tarehe ileile kila mwezi, kwenye ujumbe iandikwe "matunzo ya mtoto, mwezi fulani". Vitu viruhusiwe kwa mambo mawili tu, ada na matibabu, ambapo mlipaji analipa moja kwa moja kituoni na kubaki na stakabadhi. Binti akiwa chini ya miaka 18 na kuna wasiwasi wa kweli, pesa ziingie kwa mlezi mmoja aliyetajwa kwa jina, na binti aone taarifa yake kila mwezi.

---

Kifungu kwa Kifungu

Upande wa sheria niseme yanayofanana karibu kila mahali, halafu kila mtu athibitishe kwake kwenye ofisi ya ustawi wa jamii au msaada wa kisheria, ambao mara nyingi ni bure.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unawalinda watoto wawili hapa: mchanga, na binti mwenyewe akiwa chini ya miaka 18. Kifungu cha 7 kinampa mchanga haki ya kusajiliwa mara anapozaliwa na, kadiri iwezekanavyo, kuwajua wazazi wake. Kifungu cha 12 kinampa binti haki ya kusikilizwa. Kifungu cha 27 kinazitaka nchi kuhakikisha matunzo yanadaiwa kwa mzazi, hata akiwa nchi nyingine. Kuna pia Mkataba wa The Hague wa 2007 mahususi kwa matunzo ya kuvuka mipaka, kati ya nchi zilizojiunga.

Kwa vitendo: sajilini mtoto mapema. Kuchelewa huleta faini au viapo, na bila cheti milango mingi ya msaada inafungwa. Jina la baba lisiwekwe kwa kubahatisha. Akikubali, asaini mbele ya msajili. Akikana, kuna kipimo cha vinasaba, na pale mahakama inapokiagiza matokeo yake yana nguvu kuliko maneno ya mtaani. Sampuli zichukuliwe na maabara inayotambuliwa, wahusika wakiwa wametambuliwa kwa vitambulisho. Kipimo cha kimyakimya cha mswaki au nywele mara nyingi hakikubaliwi kama ushahidi.

Makubaliano ya maandishi yawe na haya: majina kamili ya pande zote, kiasi, tarehe ya kulipa, njia ya kulipa, nani anabeba matibabu ya ghafla, siku za baba kumwona mtoto, na tarehe ya kuyapitia upya, kila miezi 6 katika miaka miwili ya mwanzo. Kisha yasajiliwe kwenye mamlaka husika. Karatasi iliyosainiwa sebuleni ni mwanzo mzuri, ila ikivunjwa haina meno.

Jambo zito sasa. Aliyempa mimba akiwa mtu mzima na binti ni mtoto kisheria, katika nchi nyingi hilo ni kosa la jinai hata kama binti anasema alipenda. Familia ikipokea pesa ili kesi ife, pesa hiyo si matunzo. Haimfutii mtu kosa, inaweza kuwaingiza wazazi wenyewe kwenye mashtaka, na inamwacha binti peke yake na mtu aliyemdhuru. Matunzo ya mtoto yanaweza kudaiwa na jinai ikaendelea, haya mawili hayazuiani. Ushahidi utunzwe: ujumbe wa simu, tarehe, kadi ya kliniki.

---

Swali Moja

Na wakisema wataoa?

---

Bibi Harusi Hapana

Jina langu limeshajibu, ila nieleze kwa utulivu. Kwa binti aliye chini ya miaka 18, ndoa katika nchi nyingi ni kinyume cha sheria, mjadala umeisha. Kwa wa miaka 18 au 19, ndoa ni uamuzi wake, na isifanywe ndani ya ujauzito kwa sababu ya tumbo kuonekana. Matunzo hayategemei ndoa: baba anadaiwa akioa au asioe. Mkilichanganya hili mnaipa familia ya kijana silaha, maana watasema "aje kwetu ndipo tutoe". Akienda, anaacha shule, anakuwa mfanyakazi wa nyumba isiyo yake, na akitaka kurudi anaambiwa amevunja ndoa, pesa zikatike. Pesa ya mtoto isifungwe kwenye ndoa, wala kwenye msamaha, wala kwenye ukimya. Iwe na njia yake peke yake.

---

Ulezi na Malezi

Niguse nani alee. Njia ninazoziona ni nne: binti alee akiwa kwao, bibi au ndugu awe mlezi mkuu kwa muda, ulezi wa kisheria kwa ndugu, na kuasili.

Ile ya pili ndiyo ya kawaida na ndiyo isiyoandikwa kabisa. Mtoto anahamia kwa bibi "kwa muda", miaka minne inapita, anamwita mama yake dada. Wekeni tarehe na masharti: hadi amalize kidato fulani, au hadi apate kazi. Wekeni pia nani anaruhusu upasuaji hospitalini, maana bibi asiye na karatasi anaweza kukwama hapo hapo.

Kuasili ni kwa kudumu, kunahamisha haki zote za uzazi. Hakufanywi kwa maneno, wala kwa kumkabidhi mtoto mtu aliyejitolea kulipa hospitali. Mkataba wa The Hague wa 1993, unaohusu kuasili kwa nchi mbalimbali, unataka ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa, kwa hiari, na isiyonunuliwa kwa malipo yoyote. Sheria hiyo ina hekima hata kwa kuasili kwa ndani. Mtu anayekuja na bahasha ya pesa mimba ikiwa na miezi 5, akitaka saini, mripoti.

---

Mgeni wa Jukwaa

Hakuna aliyetaja kutoa mimba. Tusijifanye hatulijui.

---

Mkunga wa Zamu

Ni kweli, lijibiwe wazi. Sheria hutofautiana sana kati ya nchi na nchi: ipo inaporuhusiwa, ipo inaporuhusiwa kwa sababu maalumu kama hatari kwa uhai au kubakwa, na ipo inapokatazwa. Anayelifikiria amwone mhudumu wa afya mara moja, kwa sababu idadi ya wiki hubadilisha kinachoruhusiwa na usalama wake. Uamuzi usilazimishwe na mzazi wala na kijana, upande wowote.

Kinachoua ni njia za vichochoroni: dawa za mitishamba, vijiti, vidonge visivyojulikana kipimo. Vinaleta kutoboka kwa kizazi, damu kutoka bila kukoma, na maambukizi kwenye damu. Binti akianza kutoka damu nyingi, homa au maumivu makali ya tumbo, apelekwe hospitali na aseme alichotumia. Daktari akijua ukweli anaokoa muda.

---

Ubao na Chaki

Shule. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Haki za Mtoto alioutaja Kifungu kwa Kifungu kinasema elimu ni haki ya kila mtoto, na hakina kipengele cha tumbo. Kwa pesa, hili ndilo kubwa kuliko yote mliyoyajadili, kwa sababu kipato cha huyo mama kwa miaka 30 ijayo kinategemea kama alimaliza.

Msisubiri ajifungue ndipo muulize. Mkiwa bado na wiki za kutosha, mwandikieni mkuu wa shule barua, mbaki na nakala yenye muhuri, mkiomba ruhusa ya muda yenye tarehe ya kurudi. Barua isiyo na tarehe ya kurudi husomeka kama kuacha shule. Hakikisheni usajili wa mitihani haufutwi. Shule ikikataa, ombeni kukataa huko kwa maandishi na mwende ngazi ya juu ya elimu, na wakati huohuo mtafute kituo cha masomo ya jioni au ya mbali.

Kurudi: mwili unahitaji wiki 6 hivi, zaidi akiwa amefanyiwa upasuaji. Maziwa yanawezekana na shule. Akamue kabla ya kutoka, na shuleni kila baada ya saa 3 hivi, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, kwenye chombo safi chenye mfuniko. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 25 au chini, na siku 4 kwenye friji. Kwenye joto kali yatumike mapema zaidi. Mtoto anywe kwa kikombe kidogo, ni rahisi kusafisha kuliko chupa. Asipokamua siku nzima matiti hujaa, huvimba, na maziwa hupungua ndani ya muda mfupi, kisha mnarudi kwenye makopo 9 ya Daftari.

---

Mkunga wa Zamu

Na jambo linalofuatia hapohapo: mimba ya pili. Baada ya kuzaa, inashauriwa kupita angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu bila kingine usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imeondoka. Anayekaa mbali na mtoto saa nyingi akiwa shuleni asiitegemee. Kipandikizi au kitanzi vinaweza kuwekwa hata kabla hajatoka hospitali, na mjadala wake uanze kwenye kliniki ya wiki ya 34 au 36, maana siku ya kuruhusiwa hakuna anayekumbuka.

Pia muangalieni moyo wake. Kulia siku chache za mwanzo ni kawaida. Huzuni inayozidi wiki 2, kutolala hata mtoto akilala, kukosa hamu na mtoto, au maneno ya kutaka kufa, hiyo ni maradhi yenye tiba. Apelekwe.

---

Swali Moja

La mwisho kutoka kwangu. Baba alilipa miezi mitano, sasa kimya.

---

Kifungu kwa Kifungu

Mwezi wa kwanza wa kimya: ujumbe mmoja wa maandishi, wa heshima, wenye kiasi na tarehe ya mwisho, siku 14. Msimzuie kumwona mtoto kama adhabu. Mahakama huyatazama hayo kama mambo mawili tofauti, na mkimzuia mnampa hoja. Siku 14 zikipita, chapisheni taarifa ya malipo ya miezi mitano, ambatanisheni makubaliano, cheti cha kuzaliwa na orodha ya matumizi ya miezi 3 yenye stakabadhi, mpeleke ustawi wa jamii au mahakama inayoshughulikia watoto. Kama amepoteza kazi, ombeni kiasi kipunguzwe kwa muda maalumu, kwa maandishi, badala ya kuliacha deni likue kimyakimya. Kama ana ajira, ombeni amri ya kukatwa kwenye mshahara pale sheria inaporuhusu. Na msingoje mwaka mzima, maana mahali pengine matunzo yanaanza kuhesabiwa siku mliyofungua maombi, miezi ya nyuma hailipwi.